Vidole Vitatu Mbele

Fundi alikuwa amefunga springi fupi ili gari la shemeji yake lishuke sawasawa. Alipopima mbele, vidole vitatu vilipita kati ya tairi na bodi. Nyuma, hata kimoja kilikwama.

"Buti ina nini, shemeji?"

"Hewa tupu! Inua hizo springi, acha upelelezi."

Shemeji akacheka peke yake, funguo za buti kazibana mfukoni.

Juzi dada wa fundi alilia hadi sauti ikamkauka: cherehani yake ya chuma, inayolisha nyumba nzima, imeibwa. Mumewe huyuhuyu ndiye aliyembembeleza.

Fundi akainama kupima tena. Uzi mwekundu ulichungulia chini ya mfuniko wa buti. Akauvuta taratibu. Ukaja. Akauvuta tena, na mle ndani kitu kikaanza kuzunguka.