Mke Mwenza Asiyesikia

Riziki alipoanza darasa la kwanza katika shule ya serikali, alivishwa kinga sikioni kama watoto wote. Kijidude hicho, kidogo kama punje ya mtama, kilimeza kila neno la dhihaka kabla halijamfikia, na hakikuvuliwa mpaka mtoto amalize shule. Uonevu ukakoma. Watoto walirudi nyumbani bila machozi, na Bi Tunu, bibi yake Riziki, alishukuru kama wengine.

Kisha akamtania mjukuu wake, kama alivyomtania tangu anajifunza kukaa.

"Wewe mke mwenza, pua kama kitumbua! Umekuja tena kuniibia mume?"

Zamani Riziki angemrudishia papo hapo, "Mume mwenyewe hakutaki, kibogoyo wewe!" Sasa aliitazama midomo ya bibi ikicheza, akangoja, kisha akamgeukia babu.

"Mchumba wangu, njoo," Mzee Kibwana alisema, na neno lake tamu likapita bila kizuizi. Mtoto akamrukia mapajani, wakacheka.

Bi Tunu akausonga ugali kana kwamba ndio uliomkosea. Miaka yote alijifanya kumwonea wivu mtoto huyu. Leo wivu ulimkaba kweli, na aliyemwonea ni mumewe.

Akaweka mwiko chini, akalainisha sauti kama anavyosema na wageni.

"Riziki, mjukuu wangu mpendwa, karibu chakula."

Kicheko kilikatika. Mtoto alishuka mapajani taratibu, machozi yakimlengalenga.

"Bibi," akauliza, "nimekukosea nini?"