Ndoo Iliyofungwa Kanga

Yunusi aliinyanyua ndoo isiyo yake, akaipandisha begani, na maji yakammwagikia shingoni. Hakulalamika. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa akilowa hivyo hivyo, na leo ilikuwa mara ya mwisho.

"Mwangalieni bwana harusi," Walter alisema, na foleni nzima ya bombani ikacheka.

Kesho yake yalikuwa mahafali. Mitihani imekwisha, magodoro yamefungwa kamba, na wanachuo wa mwaka wa mwisho hawakuwa na kazi asubuhi ile zaidi ya kusubiri maji na kukumbushana walikotoka. Walikumbuka mazoezi ya kufundisha kule Nanganga, Mahmudu alipoulizwa swali na mtoto wa darasa la nne, akasingizia tumbo, akatoka. Walikumbuka maharage yenye mawe, na ukungu wa Newala unaoingia mpaka ndani ya soksi. Lakini popote walipoanzia waliishia kwenye foleni, kwa sababu maji pale chuoni yalikuwa ya kubembeleza, na nusu ya ujana wao ilipita hapo bombani.

Sheria ya foleni ilikuwa moja: ndoo ndiyo mtu. Unaipanga jioni, unakwenda zako kulala, asubuhi unaikuta imekutunzia nafasi. Hakuna anayesogeza ndoo ya mwenzake.

Wiki ya kwanza kabisa chuoni, Yunusi alimwona Rukaiya akipanga ndoo ya bluu, mpini wake umefungwa kipande cha kanga. Asubuhi maji yalitoka mapema, mwenye ndoo hayupo. Yunusi akaijaza, akaifikisha kwenye lango la bweni la wasichana, akaitua, akakimbia. Jioni ndoo ilirudi kwenye foleni, na chini kabisa ndani yake kulikuwa na korosho za kukaanga zimefungwa kwenye karatasi.

Hapo Yunusi akawa amekwisha.

Tangu siku hiyo alibeba ndoo mbili. Na lililomtia wazimu zaidi ni hili: popote alipopanga ndoo yake, ile ya bluu ilikuja kukaa nyuma yake. Siku moja alijaribu kupanga mwisho kabisa, nje ya mstari, karibu na shimo la taka. Asubuhi aliikuta imemfuata huko huko. Msimu wa korosho alipata korosho. Msimu ukipita, muhogo wa kuchemsha.

Lakini kumsemesha Rukaiya? Kijana huyu, mwenyekiti wa midahalo, akikutana naye njiani alisema "mambo" kwa sauti ya mtu anayekabwa. Rukaiya alijibu "poa", akapita akitabasamu.

Mtu pekee aliyeonekana kumhurumia ni Mama Swaumu, mpishi wa chuo, ambaye alikaa chumba cha kwanza pale bweni la wasichana. Kwenye dirisha la chakula alimjazia sahani huku akimhoji. Kwenu wapi? Mama yako mzima? Unavuta sigara? Ukikasirika unafanyaje? Wenzake walinung'unika kwamba minofu yote inakwenda sahani moja. Yunusi alijibu kwa adabu, jicho likimtafuta Rukaiya.

"Leo usiiache langoni," Mahmudu alimwambia. "Gonga. Keshokutwa mwenzako yuko kwao Makote, wewe uko Masasi, halafu utapangiwa shule huko usikokujua. Utamchotea nani maji?"

Ilikuwa kweli. Alimpenda yule msichana mpaka usingizi ulikuwa unampaa, na asiposema leo hakuna siku nyingine. Akatembea mpaka langoni, kundi zima likimfuata kwa mbali na kujifanya linatazama mikorosho. Akatua ndoo. Akagonga.

Akatoka Mama Swaumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umechelewa, hata chai sijabandika." Akainama, akashika mpini.

"Samahani, mama. Hiyo ni ya Rukaiya."

"Ya nani?" Mama Swaumu alimkazia macho. "Ndoo yangu hii! Kanga hii niliichana mwenyewe. Rukaiya huwa namtuma tu akanipangie. Na zile korosho, ulidhani nani anakaanga?"

Nyuma ya mikorosho, Walter alikaa chini kwenye mchanga, miguu imemwishia kwa kicheko. Mahmudu alikuwa anapiga magoti yake makofi.

Yunusi alisikia uso unawaka. Asubuhi zote zile za baridi, kumbe alikuwa anamposa mpishi! Kicheko cha wenzake angekivumilia. Kilichomuuma ni kwamba Rukaiya hakuwahi kumpa hata korosho moja. Akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi? Nani kakwambia tumemaliza?"

Alisimama. Lango lilitikisika kidogo. Kuna mtu huko ndani alikuwa anacheka huku amejiziba mdomo.

"Swaumu ni kifungua mimba wangu, ameolewa Makote," alisema Mama Swaumu, akiipandisha ndoo kichwani. "Kitinda mimba ni huyu Rukaiya anayejificha hapa nyuma; hatukumwambia mtu, msije mkasema nampendelea. Na kwetu sisi, kijana akimtaka binti, humchotea maji mama mkwe mpaka mwenyewe aseme basi. Basi, baba. Kawalete wazee wako."