Mpaka Silikoni Ishike

Mama Kidege alikuwa amekaa ndani ya hodhi la kuogea, mkavu, nguo zake zote mwilini, na alikuwa amekatazwa kujitikisa.

Fundi alipiga magoti kando yake akiipakia bunduki ya silikoni. Alivuta fimbo ya nyuma mpaka mwisho, akailaza tyubu mpya mahali pake, akaukata mdomo wake mshazari kwa kisu. Kisha akaminya. Uzi mweupe ulitoka polepole, ukaufuata ufa kati ya hodhi na ukuta. Kila alipotaka kupumzika alibonyeza kibati cha nyuma kwa kidole gumba.

"Usipokibonyeza hiki," alisema, "hata ukiiacha, inaendelea kutema yenyewe."

"Kama wifi yangu," alisema Mama Kidege.

Fundi alicheka kwa adabu. "Hodhi hili ni la plastiki, mama. Mtu akiingia linashuka kidogo, ufa unapanuka. Ukiziba likiwa tupu, siku ya kwanza kuoga silikoni inachanika, na jirani wa chini anaoga tena bila kupenda. Ndiyo maana tunaliziba likiwa limelemewa. Kwa kawaida huwa nalijaza maji."

"Na maji leo hakuna," alisema Baba Kidege, aliyesimama mlangoni. "Nikaona tumkalishe mtu mwenye mwili."

"Sema mnene."

"Sijasema hivyo."

"Macho yako yamesema."

Kumwingiza mle ilikuwa kazi. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, kwa hiyo fundi alimshika huku na mumewe kule, wakamshusha kama kabati. Baba Kidege alimwekea hata mto mgongoni, jambo ambalo hakulifanya siku mkewe alipomzaa Kidege. Na fundi huyu alimwita mwenyewe, bila kusukumwa, yeye ambaye taa ya jikoni ikiungua alikula gizani mpaka mkewe apande stuli.

Lakini akili ya Mama Kidege haikuwa kwenye hodhi. Asubuhi ile alikuta juu ya kabati la Kidege pako wazi. Sanduku lake la magurudumu halikuwepo.

"Mimi sijui liko wapi, mama," Kidege aliapa. Hakumwamini hata kidogo. Binti alikuwa amempenda dereva wa lori, mwanamume ambaye Mama Kidege alisema hatakanyaga nyumba hii maadamu yeye ana pumzi. Na jana jioni alimsikia mtu akinong'ona kwenye simu koridoni. Alipofungua mlango wa jikoni, minong'ono ikakatika.

"Anatoroka leo," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, fundi alipoinama kuzungusha uzi upande wa miguu. "Nami nimekwama humu. Baba Kidege, huyu ndiye mtoto pekee tuliye naye."

"Niachie mimi. Nitaweka kiti kwenye mlango wa mbele. Hapiti mtu."

"Usisinzie."

"Sisinzii."

Uzi mweupe ulipokutana na mwanzo wake, Baba Kidege alimshika fundi bega. "Umemaliza? Haya, nenda, mengine jioni." Alimtoa mbiombio, hata bunduki ikabaki pale ukingoni mwa sinki. Kisha akarudi.

"Sasa usiinuke mpaka ishike. Na usiguse kingo, utaiharibu."

"Nikiinuka niinuke na nini? Nitapaa?"

Alitabasamu. Alikaa pale mlangoni akimtazama, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu alichosahau. "Nitakufungulia redio, usichoke," alisema, akavuta mlango.

Redio ilinguruma. Chini ya makelele yake Mama Kidege alisikia kiti kikiburutwa, akatulia. Basi yupo. Mwanamume akiamua, anaamua.

Hapo ndipo alipoiona bunduki. Fundi hakuwa amekibonyeza kile kibati. Mdomoni mwa tyubu silikoni ilikuwa inachomoza, funza mweupe akirefuka taratibu, akining'inia juu ya sakafu. Alinyoosha mkono. Vidole vilipungukiwa kidogo tu. Alipoegemea zaidi, hodhi lilinung'unika chini yake, akarudi haraka alipokuwa.

Kiti kiliburutwa tena.

Kisha mlango wa mbele ukafunguka. Kisha akasikia magurudumu, yale yale, moja likilia kama panya, yakipita sebuleni na kuanza kushuka ngazi: du, du, du.

"Baba Kidege!"

Redio ilijibu kwa tangazo la sabuni.

"Baba Kidege, anatoka! Mshike!"

Alishika ukingo, viganja vikateleza kwenye silikoni mbichi, akaanguka kwenye mto wake. Alijaribu kwa kiwiko. Goti likakataa. Alikaa vile vile, mikono yote myeupe, kama aliyekuwa anakanda unga. Nje mlango wa gari ulifungwa. Funza mweupe alianguka sakafuni, na mwingine akaanza kuchomoza nyuma yake.

Alilia bila sauti. Aliwaza maneno yote makali aliyomwambia mtoto yule, na jinsi ambavyo angeyameza moja moja kama vidonge, hata na dereva angemkaribisha, kama tu mlango ule ungefunguka tena.

Mlango ukafunguka. Redio ikazimwa. Ndala zilikuja zikiburuzika koridoni, na Kidege akachungulia bafuni.

Mama Kidege alimnyooshea tu ile mikono iliyochafuka.

"Mama, umefanyaje?" Kidege alipiga magoti. "Nilikuwa kwa jirani wa chini. Baba alinituma nikaangalie dari lake. Wenzetu wana maji, kumbe ni koki yetu tu ndiyo imefungwa kule nje."

Akageuka kutazama koridoni.

"Na baba kaenda wapi na sanduku langu?"