Karatasi Nne za Imani

Mwenyekiti wa bodi ya shule aliandika kwa mkono wa kushoto asiouzoea, ncha ya ulimi ikiwa imemtoka pembeni mwa mdomo, na kiganja cha kulia kimeifunika karatasi kama anayekinga mshumaa na upepo. Kwa miaka kumi na sita aliyokikalia kiti kile, hakuwahi kuandika sentensi fupi namna ile: "Hakuna Mungu."

Kilichobaki kilikuwa ni kungoja.

Ng'ambo ya meza, mwalimu wa hesabu naye alikuwa akiandika. Alishtakiwa kwamba haamini, na ushahidi ulikuwa tele. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemsikia akitamka "Mungu akipenda". Akisema daftari zitasahihishwa kesho, basi kesho zilikuwa zimesahihishwa. Sala ilipoombwa, yeye aliinamisha kichwa na kunyamaza, ilhali wenzake waliitikia mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Tena mpwa wa Mwenyekiti, kijana mwenye "Bwana asifiwe" kila baada ya maneno matatu, alikuwa nyumbani akiimezea mate nafasi hiyohiyo ya kazi.

"Binti yangu, swali ni jepesi," Mchungaji alikuwa amemwambia. "Unaamini au huamini?"

"Jepesi kwako, Mchungaji. Mimi neno hilo silitoi kama salamu."

"Mnamsikia?" Mama Mlezi wa wanafunzi, ambaye bintiye alifeli hesabu mwaka jana, alipiga makofi ya mshangao. "Kuulizwa Mungu tu, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

Hapo ndipo Mwenyekiti alipotoa hekima yake. Wote wanne, yaani yeye, Mchungaji, Mama Mlezi na mwalimu, waandike imani zao bila jina, ili kila mtu aseme kweli bila woga. Imani ya wazee wa bodi inajulikana; karatasi itakayomkana Mungu ndiyo ya mwalimu. Bodi ikakubali kwa sauti moja, na Katibu akaandika katika kumbukumbu: Aliyemkana Mungu kwa maandishi ataondoka shuleni leo hii. Mchungaji ndiye aliyeongeza maneno "bila kuhurumiwa."

"Na asiyemkana?" mwalimu aliuliza.

"Atabaki," Mwenyekiti alijibu, "Mungu akipenda."

Katibu, mtu mkavu asiyeongeza wala kupunguza neno la mtu, alizikusanya karatasi, akazichanganya, akaifungua ya kwanza.

"'Mungu ni hadithi ya kutishia watoto.'"

Mwenyekiti aligutuka. Hayakuwa maneno yake. Kumbe mwanamke huyu alikuwa mpagani wa kweli, na yeye Mwenyekiti alijitaabisha bure! Moyo ulimjaa shukrani hata zikamtoka mdomoni: "Asante, Mungu wangu."

"Tumekwisha kusikia," alisema Mchungaji upesi. "Shauri lifungwe."

"Utaratibu unataka zote zisomwe," Katibu alijibu. "Ya pili. 'Hakuna Mungu.' Herufi zimepinda kidogo."

Mwenyekiti alikohoa. "Huenda ameandika mbili."

"Karatasi nilizogawa ni nne, Mzee, kila mtu yake. Ya tatu. 'Simwamini Mungu wala malaika wake, na yule binti wa Mama Mlezi nilimfelisha kwa chuki tu.'"

Mwenyekiti alimtazama Mchungaji. Mchungaji alimtazama Mama Mlezi. Mama Mlezi alikuwa akitafuta kitu chini kabisa ya mkoba wake, na hakionekani.

Herufi za karatasi ya nne zilikuwa zimenyooka kama zile za ubaoni. Katibu aliisoma kwa sauti ileile.

"'Naamini yupo. Ndiyo maana naogopa kumtaja ovyo.'"

Akaiweka juu ya zile nyingine, akaisogeza karibu mashine ya kuchapia.

"Barua za kuondoka ni tatu, Mzee Mwenyekiti," alisema. "Niandike majina gani?"