Taa ya Kuridhika

Siku hizi nyumba za ujima hazijengwi mpaka wote watakaoishi humo waridhike kwa dhati, na kuna taa ya kupima hiyo dhati. Ukisema "nimeridhika" kwa mdomo tu, inawaka nyekundu.

Familia kumi na mbili tulikutana kwa Jumamosi ya kumi na tisa mfululizo kujadili jambo moja: jiko la pamoja. Watu wazima na shahada zao, wanabishana nani aruhusiwe kukaanga dagaa! Wengine wote walishapata kijani. Mimi nilitaka jiko langu, lenye mlango wa kufunga.

"Dada Mashavu, tunakusubiri wewe tu," alisema mwenyekiti wetu, Shelukindo, kwa ule upole wake wa kumbembeleza mgonjwa.

Niliwatazama wanavyotabasamu. Mazuzu watupu. Nikasema, "Nimeridhika," huku nikiingoja nyekundu yangu kwa raha.

Ikawaka kijani. Wakapiga makofi, wakanikumbatia.

"Taa yenu mbovu!" nilifoka.

Shelukindo akanishika bega. "Sote tulisema hivyohivyo ilipotuwakia kijani," akasema, akanivisha aproni.