Mrehani wa Houston

Mwatime alitoka nje uani, nyumbani kwa binti yake mjini Houston, akakuta mrehani umemfika kiunoni. Ilikuwa Novemba. Kule Minnesota alikotoka, theluji ilikwisha kutanda.

Alikuja kutazama kama ahamie. Wiki nzima binti yake alikuwa akimbembeleza: nyumba ni rahisi, msikiti uko karibu, magoti hayatamuuma tena. Naye Mwatime akatia ya kwake upande wa pili wa mzani. Joto la kuchemsha ubongo. Mbu. Na hata mkate huwezi kununua mpaka mtu akupakie garini.

Lakini mzani ulikuwa umeanza kulalia Houston, naye alijua.

Alichuma jani, akalifikicha, akanusa vidole. Akavinusa tena.

"Umeona, mama?" binti alisema mlangoni. "Huku hata mrehani haujui baridi. Basi tukakuchukulie vyombo vyako?"

Mwatime alivunja kitawi, akavunja na cha pili. Akalowesha leso yake bombani, akavifunga mashina taratibu, asiyaminye majani. Akavitia mkobani, juu ya tiketi ya kurudi.

Binti alimtazama. Hakuhitaji kuambiwa kwamba vilikuwa vya kaburi la baba yake, kule Minnesota.

"Mama, kule si vitakufa siku hiyo hiyo?"

"Vitakufa," alisema Mwatime. "Baba yako hajapata kulalamika. Hebu nivunjie na cha tatu, hicho kirefu."

Binti akainama, akakivunja.