Geisha wa Konyo Konyo

Kiden alifunika kipaza sauti kwa kiganja, na sauti ya Erifazi ikakatika katikati ya tusi.

Ukumbi mzima wa mabati ukageuka. Kwenye televisheni yule mwanamke wa uso mweupe aliendelea kumimina kinywaji, na kwa mara ya kwanza wiki ile akamimina bila kutukanwa.

"Hawa wanawake si hivyo," Kiden akasema. "Toka. Leo nasema mimi."

Erifazi Mganda alikuwa fundi wa kutafsiri filamu. Tangu amani isainiwe na njia ya kutoka kwao kupitia Nimule ifunguke, aliketi kando ya televisheni pale soko la Konyo Konyo, akiwasemea Wazungu na Wachina kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa muongo wa kupindukia. Akiona benchi zinapiga miayo, jambazi wa Amerika alianza kudai ng'ombe wa mahari. Hakuna aliyelalamika. Chumvi ndiyo iliyojaza ukumbi.

Lakini filamu hii ya Japani, iliyosemwa kwa Kiingereza, iliwaumiza watu. Erifazi alisema geisha ni malaya tu aliyejipaka poda, anayeanza kwa kumimina chai na kumalizia kitandani. Hazikupita siku tatu, waendesha boda boda wakawa wanawaita hivyo wauza chai wote wa sokoni. Geisha, leta sukari. Geisha, leo unafunga saa ngapi? Wauza chai wenzake Kiden walicheka ili yaishe. Kiden hakucheka, maana neno lilikuwa limeshafika Gurei, kwa mzee Robert, mjomba wa mchumba wake Marino. Jumamosi mzee alikuwa aende kwa kina Kiden kuzungumza habari ya ndoa. Akaagiza kwamba hatakwenda. Ukoo wake hauoi geisha.

Naye Kiden alikuwa na jambo alilolijua. Mama mmoja Mjapani wa mradi wa maji, kule Thongpiny, alikunywa chai kwake kila asubuhi. Kiden alipomuuliza, yule mama aliweka glasi chini. Shangazi yake alikuwa geisha. Alianza kufunzwa akiwa msichana mdogo: kucheza, kupiga ala ya nyuzi, kuongea na wageni. Mpaka uzeeni watu walimwinamia njiani. Watu wanapenda kuwasingizia, akasema, na chai yake ikapoa.

Basi siku mbili mfululizo Kiden aliacha jiko lake kwa jirani, akaingia ukumbini, akakaa karibu kabisa na spika, akitazama. Siku ya tatu akamtuma Marino amlete mjomba wake aje ajionee hao geisha mwenyewe. Mzee Robert akaja na fimbo yake, akakaa benchi la mbele. Kiswahili cha jeshi alikijua. Kiingereza kwake kilikuwa kelele tu, kama kwa karibu wote mle ndani.

"Nyabo, dada yangu, mimi natafsiri tu," Erifazi akajitetea.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Wakitoka watu hata watano," Kiden akasema, "nabeba jiko langu, nahama soko hili."

Vijana wa nyuma wakapiga miluzi. Mwachie geisha aseme, mmoja akadai, tuone. Erifazi akainua mikono, akampisha kiti.

Kiden akaketi, akavuta kipaza sauti. Alisema huyu binti kapelekwa kwa walimu akiwa bado na meno ya utoto. Alisema tazameni anavyomimina bila tone kudondoka; huo peke yake ni mwaka mzima wa kufunzwa, na nyie mnaona ni mchezo kwa sababu hamjawahi kushika birika.

Ikafika pale ambapo kila siku watu huwa hoi kwa kucheka. Tajiri mmoja mzee akafunga mlango wa karatasi, taa ikazimwa. Mzee Robert akakunja mikono kifuani.

"Mzee kalewa, kalala," Kiden akasema. "Binti amekaa mbali naye. Anapiga nyuzi zake gizani, maana kazi haijaisha."

Kwenye filamu kukapambazuka. Binti akaitazama mikono yake, akalia, akamwambia rafiki yake maneno mengi. Kiden akasogeza sikio kwenye spika. Akachagua maneno kama mtu anayechagua nyanya.

"Anasema vidole vinamuuma kwa zile nyuzi. Anasema watu watasema walivyozoea kusema. Basi waseme. Mimi ninajua nilichofanya na nisichofanya, na kesho narudi kazini."

Hakuna aliyepiga mluzi. Muuza chai mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akapiga kigelegele, kimoja, kirefu.

Mpaka mwisho hakutoka mtu. Mzee Robert akasimama, akaegemea fimbo, akamwambia Marino kwa sauti ya kufika nyuma kabisa kwamba Kiden ni mtoto aliyefunzwa kwao, na kwamba Jumamosi watatoka mapema, kabla ya jua kali. Kisha akamkazia macho yule kijana wa miluzi mpaka kijana akainamisha kichwa.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Erifazi alikunja waya zake pole pole. Hakuwa na raha.

"Dada, wewe iko nasikia Kiingereza?"

"Nilimaliza darasa la saba kwenu, kambi ya wakimbizi ya Adjumani."

"Basi ulisikia ile binti nasema nini." Akashusha sauti. "Filamu ingine yote, mimi naongeza chumvi. Hii moja, haki ya Mungu, mimi hapana ongeza hata neno."

"Najua," Kiden akasema. "Iliyodanganya ni filamu yenyewe. Ungekuwa muongo ni wewe, ningekuomba tu unyamaze."